Chuma Chakavu cha Thadei

Marselina, mke wa Thadei,
Usevya.
Jumamosi.

Kwa Mzee Rafaeli, mshenga wetu,
Mpanda Mjini.

YAH: KUOMBA UJE UAMUE KATI YANGU NA MASHINE

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo Baba. Natumaini mwili una nguvu na miguu inakubali safari, maana utaihitaji. Wewe ndiye uliyepanda milima ya Mwese kwa mguu hadi kwa marehemu baba yangu, ukakaa kwenye kigoda, ukasema unamletea kijana fundi, mpole, asiyelewa, mwenye mikono ya kutengeneza vitu. Upole nimeuona. Pombe kweli hanywi. Ila hiyo mikono ya kutengeneza vitu ndiyo inayonimaliza, na kwa kuwa wewe ndiye uliyeisifia, malalamiko nayaleta kwako kwa heshima zote.

Unaifahamu ile mashine yake ya kukerezea vyuma, ambayo wanasema ilitoka mgodini enzi za Wazungu. Ndiyo inayochonga shafti za mashine zote za kukoboa mpunga hapa Usevya. Mwaka huu imechoka kabisa. Shafti ikitoka pale ina tumbo kama chatu aliyemeza mbuzi. Mtu mwenye akili timamu angenunua mpya, na uwezo upo, maana ng'ombe tuliuza kwa kusudi hilo hilo. Thadei ameamua kuifufua. Ameifungua vipande vipande, katikati ya mavuno, wakati shafti ya mashine yangu mimi ya kukobolea imelika na imesimama. Wateja wangu wanapita mlangoni na magunia yao kwenda kwa Shadia, mwenye mashine nyingine ya kukobolea, na wananipungia mkono. Baba, hicho kinachonipungia si mkono, ni umaskini.

Naomba nikuorodheshee.

1. Mafuta. Vyuma vya mashine hii vina kutu ya tangu uhuru, na Thadei anasema hakuna dawa ya kulainisha kama mawese ya ziwani. Mawese hayo ni yangu, niliagiza Karema, ya kupikia. Sasa mimi nala mchicha wa kuchemsha na chumvi, na gia zinaoga mawese. Mgeni akiingia karakana anasikia harufu ya maharage ya mawese, anakaa kusubiri chakula. Juzi Mwalimu Eustace alikaa mpaka akasinzia.

2. Bluu. Ile bluu ya kufulia sare zetu za kwaya ameichukua yote, akaichanganya na grisi. Anaipaka kwenye reli za mashine, anasugua kipande cha chuma kilichonyooka juu yake, anaangalia bluu imegusa wapi, anapakwangua pale kidogo sana kama mtu anayemkuna mtoto mgongo, halafu anapaka tena. Kutwa nzima! Nikamuuliza, Baba Deo, utakwangua mpaka lini? Akasema mpaka ikubali. Ikubali nini, hakusema. Jumapili alikwenda kukomunika na vidole vya bluu, padri akamtazama, mimi nikatazama dari. Na kwaya nzima tuliimba tukiwa na sare za rangi ya chai ya maziwa.

3. Mwiko. Hapa ndipo naomba ukae vizuri. Mwiko wangu wa ugali ameuhamishia karakana. Ncha moja anaiweka kwenye mashine, ncha nyingine anaiweka sikioni, anafumba macho, na kusikiliza beringi zinasema nini. Zikikwaruza anasema pole. Nimemsikia kwa masikio yangu, pole, pole mama, tutakuweka sawa. Baba Mshenga, goti langu la kulia linalia kila nikiinama tangu Queen wetu aolewe. Linalia mpaka kuku wanageuka. Sijawahi kuambiwa pole ya goti. Sijawahi kuletewa mwiko. Mimi ni binadamu, nimezaa, nimelima, nimefiwa, na chuma kisichojua hata jina lake kinapewa pole mbele yangu. Inaniuma, na siwezi kusema haiumi.

4. Mifano mizuri ipo, kama angetaka kuiona. Fredrick, fundi mwenzake pale mjini, kanunua mpya. Imeshuka stesheni na treni ikiwa imefungwa nailoni kama bibi harusi. Ina rangi ya kijani, ina kioo chenye namba, ina taa yake yenyewe! Ni kweli kwamba tangu umeme ulipokatika na kurudi kwa hasira haijawaka, na kifaa chake kinasubiriwa kutoka nje ya nchi, haijulikani nchi gani. Lakini imesimama kwa heshima. Watu wanakwenda kuitazama na kupiga picha. Ya kwangu ikisimama ninaona aibu, na ikitembea ninaona aibu zaidi.

5. Methali. Nikimweleza hayo ananijibu ya kale ni dhahabu. Dhahabu gani inayotoa kutu? Nami ninayo yangu, kipya kinyemi, na waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Methali hiyo ina mwisho wake kuhusu kidonda, ila hautuhusu hapa.

6. Kuna wanaosema kwamba na mimi mashine yangu ya kukobolea ni kuukuu, na kwamba wauzaji wa mjini waliniambia shafti ya aina ile haitengenezwi tena, niitupe ninunue nzima. Maneno hayo ni ya watu wasio na kazi. Yangu ni tofauti. Ile aliniachia mama, ina mlio wake, na mchele wake haukatiki. Huwezi kumtupa mtu kwa sababu ya shafti moja. Naomba jambo hili lisichanganywe na la Thadei.

7. Kwa hiyo nimefikiri sana, na naona dawa ni moja. Naomba uje uweke sheria katika nyumba hii kwamba kilichochakaa kitoke na kipya kiingie, bila huruma na bila mwiko. Ianze na mashine. Kisha baiskeli yake, ambayo inakwenda kwa maombi. Kisha jogoo wake asiyejua tena saa. Kisha kofia, kisha redio inayopigwa kofi ndipo iseme. Kisha kitanda. Tukimaliza vitu tuangalie na watu, maana Thadei mwenyewe hakohoi tena kama zamani, anakohoa kama trekta la kijiji, na mtu akisha kuchakaa ni vizuri aambiwe mapema ajiandae. Wewe Baba haumo. Wazee wa ukoo na washenga wamesamehewa.

8. Sikutaka kukuficha jambo. Nimeshaongea na Doto, yule mnunuzi wa vyuma chakavu hapo karibu na stesheni yenu. Anakuja Jumatano na kirikuu, kile kigari chake cha mizigo, wakati Thadei atakuwa shambani, abebe reli, gia, kichwa, na kila chenye bluu. Nimemwambia achukue bila kuuliza, nyumba hii imejaa chakavu. Usinione vibaya. Mtu akikosa hakimu anakuwa hakimu mwenyewe.

Usipokuja kuamua, Baba, nafunga kitenge changu, naweka goti langu kwenye bodaboda, narudi Mwese kwa kaka yangu Evodi, na Thadei akaoane na gia. Atapata mke asiyedai mawese, kwa sababu atakuwa ameshayanywa.

Nisalimie mama wa hapo nyumbani, na Generosa na wajukuu wake wote, na wale wanakwaya walioimba siku ya harusi yetu ambao bado wana sauti. Mpunga mwaka huu umekubali, ukija hutalala njaa, ingawa itabidi tukukobolee kwa Shadia.

Mimi mwanao uliyenileta mwenyewe,
Marselina.

N.B. Baba, ni Jumatatu sasa. Kijana wa bodaboda alikuwa msibani, barua imelala hapa kwangu. Nimeifungua niongeze machache.

Jana baada ya misa mashine imewaka. Imezunguka kimya, huwezi kuamini, kama mtu aliyeshiba. Nilijua kitu cha kwanza atakachokereza ni kazi ya wateja wenye fujo waliojazana mlangoni. Akawapita wote. Akachukua shafti yangu, ile ya mama, ile waliyosema haitengenezwi tena, ameichonga upya kutoka kwenye chuma cha ekseli. Sikumwomba. Kumbe ndiyo aliyokuwa akiikwangulia reli wiki zote hizo, anasema reli zingekuwa zimepinda shafti ya mashine ya mama yako ingekata mchele, na wewe ungelia. Asubuhi hii nimekoboa mpaka foleni imefika kwa Shadia.

Nilipoinama kukinga mchele goti likalia. Mbele ya wateja wote, Baba, huyu mwanaume kaja na mwiko wangu, kaweka ncha moja kwenye goti na nyingine sikioni, kafumba macho. Halafu akasema pole, pole mama. Akawaambia watu kwamba huyu bado mzima, anataka mafuta tu. Mawese yaliyobaki amenipaka yeye mwenyewe, kwa vidole vya bluu, na goti langu sasa ni la bluu, na silioshi.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu chana. Ila fanya haraka jambo moja, nakupigia magoti yote mawili. Doto simu yake haipatikani na Jumatano si mbali. Nenda hapo stesheni umwambie asiwashe gari. Mwambie nilikosea, nyumba hii haina chakavu.