Bahasha Nyuma ya Kiti Chekundu

Jumatatu, 4 Machi

Nimepigwa na butwaa mpaka sasa.

Saa mbili asubuhi, darasani, siku ya kwanza ya somo la mabango. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mkwe. Nilidhani nimesahau chakula changu nyumbani. Hapana. Alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu penseli tano zilizochongwa kwa mkasi wake wa ushonaji. Amejiandikisha. Somo la mabango linapokea wanafunzi wapya na hakuna aliyeniambia. Jina lake liko kwenye orodha, juu ya langu.

Anasema ameacha cherehani kwa sababu macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Herufi kubwa anaziona vizuri sana.

Nilisimama. Ningefanyaje? Ni mama mkwe. Nikamwamkia upya, ingawa tuliamkiana asubuhi nyumbani, nikampisha kiti changu cha dirishani chenye kompyuta nzima. Nimehamia kompyuta ya mwisho, ile ambayo kipanya chake kinakubali kwenda kushoto tu.

Niandike ukweli hapa, maana sina pengine pa kuusema. Nyumbani mimi ni wa kwanza darasani. Mtihani wa mwanzo nilipata tatu kwa ishirini, mke wangu akauliza nimekuwa wa ngapi, mdomo ukajibu wenyewe. Ni miezi mitano sasa. Mke wangu anafanya kazi mapokezi kwenye zahanati. Kila anayepita pale, mwenye homa na mwenye jino, anajua kwamba mume wake aliacha kutunza stoo ya saruji akaenda kuwa wa kwanza kwenye sanaa ya matangazo.

Na sasa mama yake mzazi anakaa hatua tatu kutoka kwenye alama zangu.

Mpango: aondoke mwenyewe, kwa hiari yake. Wakati wa mapumziko nikamweleza, kwa adabu zote, kwamba kozi hii haimfai mtu wa heshima zake. Kuna siku tunachora watu wasio na nguo. Akasema amepima miili ya watu miaka arobaini na hakuna kipya ninachoweza kumwonyesha. Kisha akaazima kifutio changu. Hajakirudisha.

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu wetu tunamwita Mwalimu Nafasi. Akitazama kazi ya mtu yeyote husema maneno mawili tu: acha nafasi. Leo karudisha mabango ya majaribio. Langu lilikuwa la duka la taa. Mbili kwa kumi. Akaniuliza kwa nini nimetumia aina kumi na moja za herufi katika bango moja. Nikamwambia kompyuta ina aina mia mbili, hivyo nimejizuia sana. Akafumba macho kwa muda.

Kisha akafika kwa mama mkwe. Mama mkwe hajagusa kompyuta. Alikunja karatasi nyeusi akakata herufi kwa mkasi, bila penseli, bila rula, huku akimweleza jirani yake habari za magoti. Zikatoka sawasawa zote. Mwalimu Nafasi alizitazama, akavua miwani, akaifuta, akazitazama tena. Hakumwambia aache nafasi. Sijawahi kuona jambo kama hilo tangu nijiunge na chuo hiki.

Baada ya hapo kazi ya mwisho ikatangazwa. Kila mtu atengeneze bango la biashara ya kweli. Yatatundikwa koridoni bila majina. Jina la mtu linaandikwa kwenye karatasi, linatiwa kwenye bahasha ndogo ya kaki, bahasha inafungwa kwa gundi na kubandikwa nyuma ya bango lake. Ijumaa ya wiki ijayo atakuja mwenye kiwanda cha uchapaji. Atachagua bango moja, na mwenye bango hilo atapata kazi kwake. Familia zinakaribishwa.

Mwalimu alilisema neno familia akitabasamu. Mimi nilimfikiria mke wangu.

Lakini kilichonishtua zaidi kilitokea mezani. Mke wangu alimwuliza mama yake ananionaje darasani. Nikaacha kutafuna. Mama mkwe alimeza tonge lake taratibu, akasema nina bidii. Basi. Angenichongea ningejua la kufanya. Huyu mama anataka nini kwangu?

Alhamisi, 7 Machi

Nimempata mteja: fundi viatu wa pale kona, karibu na kituo cha maji. Nimemtengenezea bango ambalo halijawahi kuonekana. Kiatu chenye mabawa. Chini yake moto. Nyuma yake jua linachomoza, na pembeni simba, kwa ajili ya nguvu. Maneno: Ubora, Kasi, Uaminifu, Usichelewe, Karibu, Leo. Safari hii nimetumia aina tisa tu za herufi, kwa kumheshimu mwalimu.

Fundi viatu alilitazama muda mrefu. Akauliza namba yake ya simu iko wapi. Nikamweleza kwamba namba huharibu mpangilio. Akauliza watu watampataje. Nikamwambia watahisi. Akarudi kushona soli, na mimi sikuipenda tabia hiyo.

Mama mkwe amechukua kinyozi. Nikapita nyuma yake kana kwamba natafuta kalamu. Sikuamini macho yangu. Karatasi nyeupe tupu. Katikati, kiti cha kinyozi, kimekatwa kwa kipande kimoja cha karatasi nyekundu. Hakuna mtu juu yake. Chini, maneno mawili: Zamu yako. Chini kabisa, namba ya simu.

Ni hivyo tu. Nilitaka kumcheka. Badala yake nilijikuta nikitaka kukaa kwenye kile kiti. Nimekasirika mchana kutwa.

Jumatano, 13 Machi

Mabango yametundikwa tangu juzi. Nimesimama mbele ya langu kwa umbali mbalimbali. Wanafunzi wawili walipita. Mmoja alisema kiatu kinaungua. Mwingine akasema masikini.

Mke wangu ameomba ruhusa kazini siku ya Ijumaa. Anakuja na wenzake wawili wa mapokezi, waje kuona wa kwanza anavyotangazwa. Ameshapiga pasi shati langu. Ninaliona linaning'inia mlangoni kila nikipita.

Mpango umenijia nikiwa nakunywa maji. Bahasha zote zinafanana. Zote ni za kaki, zote zimefungwa. Nikihamisha bahasha yangu nyuma ya kiti chekundu, na yake nyuma ya kiatu, hakuna atakayejua. Nimelipima jambo hili kwa haki. Mama mkwe amestaafu, kazi ya nini? Tena, ningemwomba angenipa, yule ni mama. Ila mkwe kumwomba mama mkwe kitu kikubwa namna hiyo ni utovu wa adabu. Kuchukua kimyakimya ni heshima zaidi.

Saa saba na nusu wote walikuwa wanakula. Nikaingia koridoni nikijifanya ninanyoosha mabango yaliyopinda. Ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Bahasha ya nyuma ya kiti ilibanduka kirahisi, kona zake zilikuwa zimeshaachia. Yangu pia vilevile. Chuo hiki kinanunua gundi mbovu na nitawaandikia barua. Nikabadilisha, nikabandika, nikaondoka nikipiga mluzi.

Jana nilimkuta mama mkwe palepale koridoni na kikapu chake. Alishtuka kuniona. Akasema anapunguza kingo za karatasi. Ni vizuri hakuchagua leo, tungegongana.

Ijumaa, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Korido ilijaa. Mke wangu alikuja na sare yake ya zahanati, na wale wenzake wawili, mmoja na simu mkononi tayari kupiga picha. Mama mkwe aliketi kwenye benchi, kikapu magotini, hanitazami. Mchapaji ni mtu mfupi mwenye wino kwenye kucha. Alipita polepole. Kwenye bango langu alisimama, akamwuliza Mwalimu Nafasi kama zimamoto nao wameanza kutangaza biashara. Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa nguvu kuliko wote, maana bango lile halikuwa langu tena.

Akafika kwenye kiti chekundu. Mkono wake ukapanda wenyewe, akazishika nywele zake nyuma ya shingo. Akasema hajanyoa mwezi mzima. Akasema ni hili.

Nilianza kutembea. Hotuba ilikuwa tayari: ningeshukuru chuo, kisha mke wangu, kisha mama mkwe kwa kunitia moyo. Mwalimu Nafasi akabandua bahasha, akaichana. Nilikuwa nimeshafika mbele, mkono nimeunyoosha. Akasoma jina la mama mkwe.

Mkono ulibaki hewani. Mchapaji aliuona, akaniwekea mkoba wake nimshikie, akaenda kumpa mama mkwe hongera.

Hapo akili iliniruka. Nikasema, mbele ya korido nzima, kwamba haiwezekani. Bahasha nilizibadilisha mwenyewe, juzi, saa saba na nusu.

Mwenye simu aliishusha. Mama mkwe akaniuliza, kwa sauti ya chini, nimesema siku gani. Nikarudia: Jumatano. Akakishika kikapu chake kwa mikono miwili. Akasema yeye alizibadilisha Jumanne.

Akamgeukia Mwalimu Nafasi akaomba radhi. Alisema alitaka jina langu lisomwe nyuma ya kiti, ili binti yake asiaibike mbele ya wenzake. Alijua mimi ni wa mwisho tangu siku ya pili, karatasi yangu ya mbili kwa kumi ilianguka chini ya meza yake.

Kwa hiyo jina langu lilikuwa pale. Jumanne usiku kucha na Jumatano asubuhi nzima nilikuwa mshindi. Nikaenda nikajitoa kwa vidole vyangu mwenyewe.

Mwalimu Nafasi alizitazama bahasha zote mbili. Mwishowe akasema kila bahasha iko mahali ilipowekwa na mwenyewe, hivyo matokeo hayaguswi. Mama mkwe alikataa kazi. Mchapaji akasema anahitaji mkono unaokata hivyo, na mtu anayekiri bila kuulizwa. Mama mkwe akakubali. Mimi nitarudia somo zima.

Mke wangu hakunigombeza. Tulipofika getini akasema kuwa wa mwisho si kitu, angewaambia wagonjwa kwamba mume wake ni wa mwisho na foleni ingeendelea. Lakini mama yake ameshona miaka arobaini na hajawahi kubaki hata na kipande cha kitambaa cha mteja. Vilivyosalia alivikunja akavirudisha. Leo, na umri wake wote, ameomba radhi ya wizi mbele za watu kwa ajili yangu. Akatangulia mbele bila kunisubiri.

Niliona aibu. Siandiki mzaha hapa. Aibu ilifuatana nami mpaka nyumbani, na chakula nilikiacha.

Jumatatu, 18 Machi

Mama mkwe ameanza kazi leo. Kabla ya kutoka aliniita, mke wangu akiwepo. Alinirudishia kifutio changu. Akasema nikae kwenye kile kiti cha dirishani, sasa kiko wazi. Kisha akanipa bahasha ndogo ya kaki, imefungwa kwa gundi. Nisiifungue mpaka siku nitakayomaliza bango moja kwa mikono yangu, mwanzo hadi mwisho, bila ujanja. Niliapa. Mke wangu aliniangalia nikiapa, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa uso wake ukalegea kidogo.

Wote wakaondoka. Nami nikaiweka bahasha mezani, nikaitazama.

Nimelipima jambo hili kwa haki. Bila shaka ndani kuna siri ya ufundi wake. Siri hiyo ndiyo itakayonisaidia kumaliza bango. Kuisoma baada ya kumaliza bango ni sawa na kuitupa. Yeye mwenyewe asingependa ipotee bure.

Nilivumilia mpaka jioni, nikachemsha birika. Nikaishikilia bahasha juu ya mvuke. Gundi ikaachia taratibu, karatasi haikuchanika hata kidogo.

Ndani mlikuwa na karatasi nyeupe, na herufi nyekundu zilizokatwa kwa mkasi na kubandikwa katikati: Nilijua hutangoja. Kaa uchore.

Nimejiuliza mara kumi amejuaje. Labda mke wangu amemwambia kitu. Halafu, kwa upande wa ufundi, ile karatasi ina nafasi tupu nyingi mno. Moto mdogo pale chini ungeijaza vizuri.

Nimeirudisha ndani, nikaifunga upya, nikaikausha chini ya pasi. Mke wangu aliporudi kutoka kazini aliishika, akaigeuza, akauliza kama nimeifungua. Nikamwambia ningewezaje, nimeapa. Akaiweka mezani polepole, akaenda jikoni, akaligusa birika. Lilikuwa bado la moto.

Mvuke unamaliza kazi kwa dakika nne na haubakizi alama. Maonyesho yajayo ni Juni. Safari hii nitazifungua bahasha kwanza nisome majina.