Punje Tano za Maharage

Jumatatu, 12 Mei. Kalenga.
Mkuu wa shule, Madam Veneranda, kaniita ofisini. Ijumaa wanakuja wathibiti ubora. Kidato cha Pili wakikaa bubu tena kama mwaka jana, Kiingereza anapewa mwalimu mwenzangu Sosthenes, mimi nahamishiwa mradi wa nguruwe wa shule. Nguruwe! Mimi, mwenye digrii! Na Sosthenes ndiye yule anayemvisha mtoto kibao shingoni akisikika anaongea Kiswahili. Hanipati. Nimebuni mchezo: kila mwanafunzi punje tano za maharage. Ukiteleza ukaongea Kiswahili, aliyekusikia anakunyang'anya moja. Mshindi atakula kuku kwangu.

Jumanne, 13 Mei.
Kimya. Kimya cha msibani! Wamegundua kwamba asiyefungua mdomo hapotezi punje. Hata Esnath, ambaye huadhibiwa kila wiki kwa kelele, kaomba kwenda chooni kwa ishara. Sosthenes kachungulia dirishani, akauliza nani kafariki. Kijicho tu.

Jumatano, 14 Mei.
Nimegeuza sheria. Ukiongea Kiingereza na mtu yeyote, popote, unapata punje. Wametoka darasani wanakimbia. Leo nitalala usingizi mnono.

Alhamisi, 15 Mei.
Kijiji kizima kimenuna. Marcelino kaomba chai ya asubuhi kwa Kiingereza. Mama yake kasema ataipata akiiomba kwa lugha aliyomzalia. Kaja shule na njaa yake, kadai punje nne. Shujaa! Ila Esnath kakutana na mzee Liberatus, mwenyekiti wa bodi ya shule. Hakuna shikamoo. Kasema gudi moning, Liberatus. Jina kavu! Mzee kaja na fimbo hadi ofisini, akauliza tangu lini yeye na Esnath ni rika moja. Nikaamriwa kuomba radhi. Nikamweleza kwamba Kiingereza hakina shikamoo, alaumiwe Mwingereza. Haikusaidia. Mchezo marufuku, maharage yote kapewa mpishi. Nimeumia, nasema kweli. Lakini radhi siombi!

Ijumaa, 16 Mei.
Wameongea! Mthibiti kauliza swali moja dogo, wanajifunzaje Kiingereza. Esnath kasimama. Kwa Kiingereza kilichonyooka kadai maharage yake thelathini na mawili. Marcelino kadakia kwamba kuku waliyeahidiwa hawajamwona. Gloria kaongeza kwamba kipindi cha mwisho huwa nasinzia, tena akaonyesha ninavyosinzia. Dakika arobaini, hakuna neno la Kiswahili! Machozi ya furaha yalinitoka. Wathibiti wameandika: wanafunzi hodari sana, mwalimu aangaliwe. Kiingereza kapewa Sosthenes.

Jumamosi, 17 Mei.
Bandani tangu alfajiri. Baridi, matope, harufu. Sosthenes kapita, kanipa pole. Pole aipeleke kwao! Darasa lile nimeliamsha mimi. Mzee Liberatus naye kaja kutazama, akasimama uzioni akisubiri. Nikamwambia gudi moning. Kaondoka.
Nguruwe wapo kumi na mmoja. Wote nimewapa majina ya Kiingereza. Leo hakuna aliyeitika. Nimeshamwomba mpishi maharage.