Sanduku la Miadi la Mama Atuganile

Isakwisa Gideoni wa Kihesa, Iringa, alikuwa mtu wa suruali ya bugaluu, maneno mengi na anwani chache. Hakuwahi kulala nyumba moja ya wageni siku mbili mfululizo. Watu walidhani anakwepa polisi. Sababu yenyewe ilikuwa ya aibu kuliko hiyo, na tutaifikia.

Mwaka treni ilipoanza kupita Mbeya, naye alipita. Asubuhi moja aliona foleni nyuma ya soko: wote watu wazito, mmoja kajifunika koti hadi kichwani, mwingine kavaa miwani ya jua kwenye ukungu. Wote walimsubiri Atuganile, mama wa mitishamba, aliyetibu magonjwa ambayo mtu hamwambii hata mkewe.

Isakwisa alifurahi kama mtu aliyepata wito. Akiwa na orodha ya majina na magonjwa yao, angezunguka kwa kila mheshimiwa akimuuzia ukimya.

Kesho yake alifika na sanduku la mbao, jipya, la kijani, lenye kufuli. Atuganile alikuwa anapanga mbegu kwenye ungo. Hiyo ndiyo ilikuwa miadi yake: kila mgonjwa alichagua mbegu, huyu harage jekundu, yule njugu mawe. Ukiambiwa urudi Alhamisi, mbegu yako inaingia chungu cha Alhamisi. Siku ikifika zinapangwa kwa zamu mlangoni, nawe unaingia zamu ya mbegu yako. Jina halitajwi.

"Mama, dunia imekwenda mbele," alisema Isakwisa. "Siku hizi kuna njia tatu. Daftari, lakini daftari kila mtu anachungulia. Ubao, lakini huo ni kumtangaza mgonjwa. Na hili, sanduku la kadi. Jina, ugonjwa, siku ya kurudi. Kadi mbili kila mgonjwa: moja ndani, moja nakala."

"Funguo ngapi?"

"Mmoja tu, unakaa nao wewe." Wa pili ulikuwa kwenye soksi yake.

"Na nakala?"

"Wewe pia, mama."

"Sanduku likiibwa je?"

"Nani aibe kadi?" Isakwisa alionyesha kuumia kwa niaba ya waaminifu wote.

Atuganile alifikiri. "Mwanangu, kuna mwalimu hapa, habari yake ikijulikana watoto watamcheka mpaka ahame. Siri ya mmoja ikitoka, mlango wangu unaota majani. Tujaribu wiki moja. Mgonjwa wa kwanza uwe wewe. Nione kadi ya chama, nijue jina ni lako, halafu andika."

Jina likawa la kweli, hakuwa na namna. Kwenye ugonjwa akaandika mafua.

"Si mafua," alisema mama kwa upole. "Godoro la Saulo wa nyumba ya wageni liko juani toka asubuhi, na aliyelalia ni wewe."

Kwa miaka thelathini na miwili Isakwisa hakuwa amemwambia mtu. Aliionea aibu hata kalamu. Lakini waheshimiwa walikuwa wanamsubiri, basi akaandika: kukojoa kitandani. Akaandika na nakala. Mama akampa dawa ya wiki mbili, akamwambia achague mbegu na arudi Alhamisi ya tatu. Kwa dharau alichukua mbegu ya boga.

Jumapili, mama akiwa kanisani, Isakwisa alibeba sanduku akapanda basi la Iringa. Alivumilia hadi Makambako, kisha akatoa ufunguo wa soksi. Kadi zilikuwa arobaini, safi, kila moja na mbegu imegandishwa kwa uji. Harage. Njugu. Punje ya mahindi. Moja tu ilikuwa na maandishi, tena hati nzuri, na abiria wa pembeni alikuwa anaisoma pamoja naye.

"Pole, kaka," alisema abiria. "Dawa umepata?"

Hapo ndipo Isakwisa alipokumbuka kwamba nakala imebaki Mbeya.

Huko Mbeya, Saulo mwenye nyumba ya wageni alikuja amefura. "Mama, yule mgeni aliyeniharibia godoro aliandika kwangu jina la uongo. Nipe la kweli niende polisi."

"Ninalo. Ila ni mgonjwa wangu, halitoki."

"Hata kama kakuibia?"

"Sanduku ni lake. Tena kasahau kalamu."

Isakwisa alikaa Kihesa akisubiri kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Kilichomshangaza ni shuka: wiki mbili nzima aliamka pakavu. Kisha dawa ikaisha, na mambo yakarudi.

Alhamisi ya tatu, kwenye foleni nyuma ya soko, alikuwepo mtu aliyejifunika koti hadi kichwani, kakumbatia sanduku la kijani. Kwenye ungo, ya nne toka mwanzo, ilikuwa mbegu ya boga.

"Weka pale," mama alimwambia alipoingia. "Litanifaa kwa mbegu."

"Mama, ile nakala yangu?"

"Niliwashia moto nilipochemsha dawa yako. Siku ile ile."

Isakwisa alikaa chini, akacheka hadi machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Akiwa na dawa mpya, alishukia kwa Saulo, aliyempokea kwa kununa. Alilala hapo siku mbili mfululizo, kwa jina lake la kweli, na godoro halikutoka nje.