Trekta Lenye Chumvi

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua imefika Maretadu. Aibu nayo imefika. Nimeingiza trekta kwenye shamba letu la mteremko. Magurudumu ya nyuma yakazunguka vizuri kabisa, trekta lenyewe likabaki pale pale. Nikakanyaga mafuta. Likachimba shimo la kutosha kupanda mgomba! Gidamis alikuwa anapita na trekta lake jipya la bluu, akasimama makusudi, akaniuliza kwa upole mgonjwa wangu ameamkaje. Mgonjwa! Yeye amezoea kulima Gehandu kwenye tambarare, ambako hata baiskeli ukiifunga plau inalima.

Jioni mke wangu Fransiska akatoa tamko. Jumamosi ni zamu yangu kulima shamba la kigango. Katekista Basili humtangaza kanisani aliyelima vizuri, na anayetangazwa kanisani hupata kazi kata nzima msimu wote. Nikishindwa safari hii, trekta linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na sisi tunarudi kwa maksai wake wawili, Dereva na Konda. Amesema bila kupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Trekta langu! Siku nilipolileta nyumbani nililia machozi mbele za watu. Sitaki kuzeeka nikitembea nyuma ya mikia ya ng'ombe.

Jumanne, 26 Novemba

Jibu nimelipata kwenye simu. Video ya mzee mmoja wa nchi za baridi, anajaza maji kwenye matairi ya nyuma ya trekta. Uzito! Trekta likiwa zito linashika ardhi. Tena maji anayachanganya na chumvi ili yasigande. Chumvi yake ina jina refu kidogo, lakini chumvi ni chumvi. Na sisi hapa Julai maji ya beseni huuma mpaka mifupa. Tahadhari muhimu.

Nikamwita Rogathe, afisa ugani wetu, binti wa Upare. Akanipa shikamoo safi, akalizunguka trekta, akainama, akapapasa tairi. Amesema maji matupu yanaweza kusaidia kidogo, robo tatu ya tairi, yasizidi. Lakini ugonjwa wenyewe ni matairi, yameisha kashata. Tairi laini kama sahani halishiki udongo hata ulijaze mawe. Na chumvi niachane nayo kabisa. Nikamshukuru. Bado mdogo. Halafu kwao wanalima tangawizi.

Nijaze au nisijaze? Nimepima pande zote mbili kwa haki. Upande wa kutojaza: Rogathe, Hermani fundi pancha, na Fransiska, ambaye sijamwambia ila namjua. Upande wa kujaza: mimi. Nimeamua kujaza.

Jumatano, 27 Novemba

Katesh, sokoni. Nimenunua gunia la chumvi ya Balangida, ile wafugaji wanayowapa mifugo. Muuzaji akaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikamwambia si ya ng'ombe, ni ya trekta. Akacheka mpaka akamwita mwenzake aje anione. Watu wa sokoni hawana upeo.

Nimerudi juu ya lori, nimekalia gunia. Fransiska akauliza la nini. Nikasema la mifugo. Akanisifu kwamba siku hizi nawakumbuka maksai wake. Sikumkatisha.

Alhamisi, 28 Novemba

Hermani amekubali kwa shingo upande. Tumepiga jeki, tumetoa pini ya valvu, tukasukuma maji ya chumvi kwa bomba la kunyunyizia maharage, la Fransiska, ambaye hajui. Hermani alitaka tuishie robo tatu. Robo tatu! Mwanamume anajaza. Nimejaza mpaka juu. Maji mengi yametumwagikia sisi na matairi, na pini moja imepotelea kwenye matope. Hermani ameziba kwa kijiti na kipande cha tyubu. Panavuja, lakini tone moja moja tu. Yeye kanuna, kasema hilo tone litanitafuta. Tone!

Trekta sasa limetulia chini kwa uzito wake, kama mama mkwe kwenye kiti cha mbele harusini. Nimelitazama hadi chakula kikapoa.

Ijumaa, 29 Novemba

Ajabu. Asubuhi nimewakuta Dereva na Konda wamevunja zizi, wanalamba tairi la kushoto. Fransiska akauliza wana nini. Nikamwambia hata mnyama anajua kitu kizuri. Mchana wakaja ng'ombe wa jirani. Jioni wakaja ng'ombe wa Gidamis! Trekta la bluu liko kwao, lakini wamelifuata langu. Nimefurahi sana. Mtu akikanwa na ng'ombe wake mwenyewe, amebaki na nani?

Jumamosi, 30 Novemba

Niandike ukweli: lilishika! Udongo ule ule, mteremko ule ule, na trekta likapanda likiwa limetulia. Mistari miwili imenyooka. Akina mama wakapiga vigelegele. Basili akavua kofia. Gidamis alikuwa ukingoni amekunja mikono, nikampungia.

Mstari wa tatu wakaja ng'ombe. Walikuwa wanachungwa kule chini. Mmoja akanusa tairi, akawaita wenzake, na kufumba na kufumbua nimezungukwa na ndimi. Nikapiga honi. Wakaongezeka. Nikasimama nisimkanyage mtoto wa mtu, yaani ndama, na nilisimama kule kwenye kona yenye majimaji. Uzito ule niliousifu ukaanza kazi yake. Trekta likazama taratibu, mpaka ekseli.

Gidamis alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akajitolea kunivuta, akashindwa kufika kwa sababu ya ng'ombe. Wengi wao ni wake.

Fransiska akaja na maksai. Wakafungwa mnyororo, wakageuka, nao wakaanza kulamba. Fransiska akagusa tairi, akaonja kidole. Akaenda nyumbani, akarudi na chumvi iliyobaki kwenye gunia, akatembea mbele yao ameishika mkononi. Wakavuta mpaka trekta likatoka. Halafu akafunga plau lake, na mpaka jua linazama maksai walikuwa wamemaliza shamba la kigango. Nilishika tama kwenye tuta. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona huruma kwa trekta langu, limesimama pale linalambwa na kila apitaye.

Jumapili, 1 Desemba

Basili ametangaza. Fransiska! Halafu Dereva na Konda, kwa majina, ndani ya kanisa. Vigelegele. Hakuna aliyetaja chumvi ilikuwa ya nani.

Nje wazee watatu walikuwa wanamsubiri Fransiska awalimie. Rogathe akanipa shikamoo, akasema pole, akaishia hapo. Ningefurahi zaidi kama angenikumbusha alichoniambia.

Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Ijumaa. Ametoa sharti kwamba matairi yawe makavu, yeye hanunui maji. Fransiska ameniambia maneno machache tu: "Baba Oliva, hayo maji utayamwaga wewe mwenyewe."

Jumatatu, 2 Desemba

Nimekaa, nimetafakari, nimejifunza. Kosa halikuwa maji. Halikuwa uzito, uzito ulifanya kazi na kijiji kizima kimeona. Kosa lilikuwa chumvi, basi. Na Ijumaa bado iko mbali!

Mpango. Kesho Fransiska anakwenda kuwalimia wazee. Maji ya chumvi nitayamwaga kwenye bustani yake ya mchicha, uote ukiwa umeshakolea chumvi. Atafurahi. Kisha matairi nitayajaza kitu kizito kuliko maji, ambacho ng'ombe hana habari nacho kabisa. Asali! Katekista Basili ana mizinga mingi nyuma ya kigango, na amekubali kunipa kwa ahadi ya kumlimia. Trekta nitaliegesha pale pale chini ya mizinga, tusihangaike kubeba. Pini iliyopotea si neno, kijiti kipo.

Safari hii sikukurupuka. Nimefikiri tangu alfajiri ni kiumbe gani anayeweza kuifuata asali mpaka shambani. Sijamwona.