Nuru Haifungwi Kamba

Jumatatu, 4 Machi

Nimepandishwa cheo! Sifagii tena ujia wa wodi. Nafagia chumba cha mashine. Baridi humo utadhani wamehifadhi maiti, kumbe wamehifadhi mafaili: nani ana damu gani, nani kakataliwa na dawa gani. Hospitali nzima imo ndani ya kabati la diski, na seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia wodi, hazilifikii kabati hilo ila kwa kupitia swichi mbili.

Mimi nilidhani swichi ni ya taa. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ndiye fundi wa chumba. Akasema hapana baba, hizi ni njia panda. Kila seva imetoa nyaya mbili, mmoja swichi hii, mmoja swichi ile, ili moja ikilala nyingine ibebe mzigo. Nikamwambia sema wake wenza, mwanangu, usinizungushe. Nimeshazipa majina: Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Ajabu yao hawagombani.

Moshi, mzee mwenzangu wa jenereta, hakunipongeza. Alisema hata mende huingia humo, na hakupandishwa cheo. Husuda hiyo.

Jumanne, 5 Machi

Mambo mazito. Jumapili mkwe anazibadilishia swichi famwea. Famwea ndiyo akili ambayo mashine hutoka nayo kiwandani. Ikizeeka, inatiwa mpya. (Sisi wengine tumezeeka na ileile.) Mkurugenzi kasema wodi zisikose mafaili hata kwa kupepesa jicho. Zikikosa, swichi wanapewa kampuni ya nje, na mkwe anarudi kurekebisha printa. Printa! Binti anayeongoza nuru ndani ya nyaya, akachomoe karatasi zilizokwama!

Nimeapa kumsaidia. Bila kumwambia, asije akahangaika.

Moshi anasema atashindwa, kwa sababu mtambo usiotoa moshi hauna adabu. Nikamjibu macho yake ya husuda mekundu kuliko taa ya hitilafu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeanza. Nyaya za nyuma ya Bi Mkubwa zinaning'inia hovyo, nyembamba kama tambi. Aibu mbele ya mkurugenzi. Nikachukua kamba ya katani stoo, nikazikusanya zote, nikazipiga fundo la kufungia mbuzi, nikakaza kwa goti. Zikakaa sawa kama askari kwenye gwaride! Moshi alichungulia, akauliza hizo kuni nauza wapi. Hana jicho la uzuri yule.

Alhamisi, 7 Machi

Mkwe ana desturi yake. Kabla ya kugusa swichi anaijulia hali, kama daktari wa zamu. Joto lako? Feni zako? Umeme unafika? Kisha tundu moja moja: wewe umekosea mara ngapi? Leo akakunja uso. Akasema kuna tundu la Bi Mkubwa linapokea nuru hafifu, na makosa yanapanda yeye akiyatazama. Jana asubuhi halikuwa na kosa hata moja. Mimi nikajikuta nafagia kona ileile, mara ya tatu.

Hakuhangaika kutafuta. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya Bi Mkubwa. Akaliona fundo.

Sasa, mkwe hamgombezi baba mkwe. Basi akaigombeza kamba! Akaiambia ewe kamba, ndani ya waya huu mna unywele wa kioo, na mafaili yanasafiri humo kwa nuru. Ukiukunja kama kiwiko, nuru inavuja njiani. Nani aliyekutuma, kamba? Kamba kimya. Ikabidi nimsemee mwenzangu. Nikasema kamba inaomba radhi, ilikuwa na nia njema.

Akalifungua fundo la mbuzi kwa kucha. Bila mkasi! Akazishika nyaya kwa utepe wa kunata, umelegea hata kidole kinapita. Makosa yakakoma palepale. Mwanangu namjua tangu azaliwe, viatu hadi leo anavaa kushoto kulia. Alimpataje huyu?

Ijumaa, 8 Machi

Leo usafi. Mkwe aliacha ncha ya waya wazi akijibu simu. Nikaipulizia pumzi, nikaifuta kwa shati. Ikang'aa.

Aliporudi akaipima kwa kidarubini chake, kama anavyofanya kwa kila ncha kabla ya kuichomeka. Akaniita nitazame. Mama yangu! Alama ya kidole, kubwa kama ramani. Na uzi wa kijani umelala katikati ya njia kama gogo. Akaniuliza kwa upole nani humu amevaa shati la kijani. Nikasema wapo wengi hospitalini. Akaisafisha kwa kalamu yake maalumu, akaipima tena, ndipo akaichomeka. Mimi kanipa kazi nyeti: kusimama mlangoni, mikono nyuma.

Jumapili, 10 Machi

Siku yenyewe! Asubuhi mkurugenzi kasimama, tai imemkaba. Moshi kaja, ati kulinda umeme. Kaja kuona msiba.

Mkwe alihifadhi kwanza mipangilio yote ya swichi pembeni. Akahakikisha kila seva inaziona njia zote mbili. Ndipo akaanza na Bi Mdogo. Akili mpya ikapanda, ikatulia. Halafu taa zikazimika. Zote!

Nikajua kafa. Redio yangu ikizimia hivi, nachomoa waya wa umeme, narudisha, inaamka. Nikaruka. Nimeshaushika waya, nikasikia: "Mzee, mikono!" Si baba. Mzee! Nikaganda. Mkwe akasema, sauti chini, kwamba inajiwasha upya, na ukiikatia umeme katikati ya hapo basi chimba kaburi.

Mkurugenzi akapiga simu wodini, mafaili yanafunguka? Nesi akamjibu yamekuwa yakifunguka muda wote, na kama hana kazi yeye anayo.

Bi Mkubwa kabeba nyumba nzima peke yake, bila kuguna!

Taa za Bi Mdogo zikarudi, kijani, moja baada ya nyingine. Mkurugenzi akataka waendelee upesi. Mkwe akakataa. Bosi akakataliwa, mbele ya watu! Akakagua seva moja moja kama imerudi kwenye njia mbili, mpaka ya mwisho. Ndipo akamgeukia Bi Mkubwa. Wodini hakuna aliyejua kitu. Nimeona mafundi wengi wa kelele. Fundi wa kimya, huyu wa kwanza.

Mkurugenzi akatamka: swichi ni zake, kampuni ya nje ikae hukohuko nje. Moshi akavua kofia. Akasema huyo ni fundi. Nikamwambia ni damu. Akanikumbusha kwamba ni mkwe.

Jumatatu, 11 Machi

Amri mpya: siingii chumbani mpaka mkwe awemo. Wengine wangenuna. Mimi nimeelewa, kanifanya mlinzi wake.

Na mlinzi ana macho. Leo nimeweka kiganja nyuma ya swichi. Upepo wa moto unatoka humo, mfululizo! Kiyoyozi huku kinahangaika kupoza chumba, feni kule zinamwaga joto. Na zinavyonguruma, mkwe simu hasikii. Wasomi wote hawa, hakuna aliyeliona hilo.

Nyumbani nina godoro kuukuu. Nimelikata vipande, vinakaa barabara kwenye matundu yale ya upepo. Joto libaki ndani ya swichi, lilikotoka. Kesho mkwe akiinama kufungua begi, naziba yote. Simwambii. Ni zawadi.