Paa Chini ya Theluji

Jumanne, 2 Desemba
Nimenunua gari-nyumba, tukimbilie joto la kusini tukilala humohumo! La mtumba. Jipya ni la watu kama jirani yangu Delbert, wanaolipia harufu ya plastiki. Kanuni ni ile niliyowafundisha watoto wa mji wetu, Minot, hadi nilipostaafu: kitu cha starehe hununuliwa msimu ambao hakitakiwi. Nani hapa Dakota Kaskazini anataka gari-nyumba mwezi huu? Muuzaji, mwungwana, alitaka kuondoa theluji nikague paa. Ilifika magotini. Nikamwambia asihangaike. Paa ni paa.

Jumatano, 3 Desemba
Ingeborg, mke wangu, amelizunguka mara mbili. Kauliza kama huyu naye ni mbuzi wa kwenye gunia, kama ile boti niliyonunua. Nimemweleza kuwa boti ilizama kwa sababu tofauti kabisa. Hakucheka. Likiharibika njiani, kasema, atapanda basi hadi kwa dada yake, huko kusini mjini Yuma, akae huko mpaka Aprili. Mimi nirudi kwenye koleo la theluji na supu ya kopo. Tangu tuoane sijakaa majira ya baridi bila yeye. Nimechoka kabla ya kuwasha injini.

Delbert kaja kuchungulia. "Mwalimu, hili ni gari au ni urithi wa marehemu?" Nikamfungia mlango. Kwa nguvu.

Ijumaa, 5 Desemba. Dakota Kusini
Tumelala na makoti, kofia na buti. Gesi ya kupashia joto ni ghali. Ingeborg kasema ng'ombe wa baba yake walilala pazuri kuliko yeye. Lakini halivuji hata tone! Nimemwonyesha dari kwa kidole. Kageukia ukutani.

Jumapili, 7 Desemba. New Mexico
Jua, hatimaye! Ingeborg kavua koti, kaanza kuimba. Kisha tone shingoni mwangu. Kisha mengine. Maelezo ni mepesi: barafu ilikuwa imeziba nyufa zote; ilipoyeyuka, paa likageuka chekeche. Nje kiangazi, ndani masika. Nilieleza vizuri sana. Ingeborg alikuwa amekumbatia lefse, mikate myembamba ya viazi aliyomwandalia dada yake. Imekuwa uji.

Jumatatu, 8 Desemba. Las Cruces, New Mexico
Amepanda basi. Kasema hanikimbii mimi, anakimbia magari yangu. Kaniachia soksi kavu, jozi moja. Ndani humu kimya, ila matone.

Jumanne, 9 Desemba
Nimejifunza! Bovu limekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nami nimepata jingine kwa mzee mmoja hapa. Safari hii nilipanda ngazi, nikalipapasa paa lote kwa viganja. Kavu kama biskuti! Nimempigia Ingeborg: kesho nitakula chakula cha jioni mezani pao. Kauliza, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia wiki nzima, kama kweli nimekagua kila kitu. Nikasema kila kitu, mke wangu. Kasema ataniwekea sahani.

Mzee alitaka hata kuvua vile vitambaa vyeupe wanavyofunikia magurudumu yasiunguzwe na jua, niyakague. Mgongo unamsumbua, maskini. Nikamwambia asiiname. Gurudumu ni gurudumu.