Nyumba ya Mfano ya Mheshimiwa Waziri

Wizara ya Makazi Endelevu ilitangaza, redioni, magazetini na kwa gari lenye vipaza sauti, kwamba wananchi waishio msituni hatimaye watafundishwa kuishi katika nyumba za mbao.

Wananchi wenyewe walizipokea habari hizo kwa utulivu. Walikuwa wakiishi katika nyumba za mbao tangu enzi za mababu wa mababu zao, ila hawakupenda kumkatiza mtu anayezungumza.

Mratibu wa mpango aliipenda kazi yake kama mtu anavyompenda mwana wa pekee. Mwongozo wa Nyumba za Mbao, kurasa mia mbili na kumi, aliuandika yeye, na vifungu vyake alivijua kwa moyo. Siku chache kabla ya uzinduzi alipita kijijini kufanya tathmini. Nyumba zilikuwa arobaini na moja. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Patasi, seremala aliyejenga nusu ya kijiji na kukarabati nusu iliyobaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nyumba hii ina cheti cha uendelevu?"

"Aliijenga babu yangu mzaa baba."

"Sikuuliza aliyeijenga, mama. Nauliza, ni endelevu?"

Mama Patasi akageuka akaitazama. "Mpaka leo asubuhi ilikuwa inaendelea."

Mratibu akaandika: *Haina cheti.* Kwa mujibu wa Mwongozo, nyumba zisizo na cheti zingebomolewa siku inayofuata uzinduzi, na wenyewe wangehamia nyumba za kisasa mara tu zitakapojengwa.

"Na hapo katikati tutalala wapi?" Mama Patasi akauliza. Ndani, binti yake alikuwa akinyonyesha kitoto cha siku tisa.

"Hilo liko katika awamu ya pili."

Kisha, ili kumwondolea wasiwasi, akampeleka kuiona nyumba ya mfano. Mbao zake zilitoka ng'ambo, ili mti wowote wa msitu ule usisumbuliwe. Paa lilikuwa bapa kama meza. Ukuta mmoja mzima ulikuwa wa kioo kisichofunguka wala kuvunjika, ili watu walioishi msituni maisha yao yote waweze hatimaye kuuona msitu.

Mama Patasi aliugonga mlango kwa kifundo cha kidole. Akaunusa.

"Mwanangu, mbao hizi mbichi. Mvua ikinyesha zitavimba."

"Mama, mbao hizi zina vyeti vitatu."

"Sawa. Ila mvua haijui kusoma."

Mratibu alimhurumia. Kumbe elimu ilikuwa bado haijafika huku.

Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano, mvua ikiendelea, akafika Mheshimiwa Waziri pamoja na Kamati yake ya watu sita. Ratiba ilikuwa bayana: waheshimiwa waingie, mlango ufungwe, kisha Waziri aufungue kutoka ndani mbele ya wapiga picha, ishara ya kuifungulia jamii milango ya maendeleo.

Mlango haukutaka kufungika. Askari wawili wakaupiga bega, ukaingia kwenye fremu kwa kishindo. Watu wakapiga makofi.

Kitasa kikazunguka. Kikazunguka tena. Nyuma ya kioo Waziri alionekana akitabasamu, halafu akitabasamu kidogo, halafu hatabasamu kabisa. Paa, lililokuwa limekusanya maji ya siku nne, likaanza kuyagawa kwa wajumbe bila upendeleo.

"Mratibu!" Waziri akapaza sauti. "Vunja mlango huu!"

Mama Patasi alishafika, shoka begani. "Nipisheni. Ni kazi ya dakika moja."

Mratibu akasimama mbele ya mlango, mikono ameitanua.

"Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, kifungu cha kumi na nne. Mtu yeyote asikate, asitoboe wala asigonge nyumba endelevu bila kibali cha Kamati."

"Kamati si iko humu ndani!"

"Ndiyo maana nashauri ikae, Mheshimiwa."

Kamati ikakaa. Kwa kuwa sakafu ilikuwa na maji, ilikaa wima. Hoja ikapita kwa kauli moja.

"Tumekubali! Vunja!"

"Kibali kinatakiwa kiwe na muhuri, Mheshimiwa. Muhuri uko mjini, na barabara imekatika."

Neno alilolitamka Waziri halikuingizwa katika kumbukumbu za kikao.

Mama Patasi akashusha shoka, akaketi juu ya gogo. "Hebu niambie, mwanangu. Na nyumba isiyo endelevu? Nayo inataka kibali?"

"Hapana. Hiyo yeyote anabomoa. Ni fomu namba saba tu, yenye saini ya Waziri."

"Unazo?"

Alikuwa nazo arobaini na moja, moja kwa kila nyumba ya kijiji, zote zimejazwa kasoro saini.

"Mojawapo ni yangu," Mama Patasi akasema. "Chukua, nakuazima."

Mratibu alifikiri kwa kina. Hapakuwa na kifungu kilichokataza. Akafuta jina la Mama Patasi, akaandika *Nyumba ya Mfano*, na askari mmoja akapanda ngazi kuipenyeza fomu kwenye ufa wa paa. Kwenye nafasi ya sababu, Waziri, maji yakimtiririka shingoni, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Haifai kwa binadamu.*

Shoka lilipiga mara tatu.

Waheshimiwa wakakimbilia nyumba iliyokuwa karibu, ya Mama Patasi. Mlango wake ni mfupi, hivyo Waziri alilazimika kuinama sana. Taarifa rasmi inasema alikuwa akikagua kizingiti.

Ndani palikuwa pakavu. Kitoto kilikuwa kimelala fofofo. Moto tu ndio uliokuwa ukififia, kwa kuwa kuni zilikuwa zimenyeshewa.

Mratibu akakumbuka wajibu. "Mheshimiwa, zimebaki fomu arobaini za kusaini."

Waziri akatazama juu. Halikudondoka hata tone. Akazipokea fomu, akazitia motoni, na wajumbe wakanyoosha viganja.

"Mama," akasema meno yakigongana, "ungekubali kuja kutukagulia majengo ya wizara?"

"Nitakuja, mwanangu. Mvua ikikatika."

Akaja. Alianzia ghorofa ya juu, ofisini kwa Waziri, akigonga kwa kifundo cha kidole na kunusa, na alipofika chini tayari watumishi walikuwa wanabeba meza. Kwa sasa wizara inapokea wageni uani, chini ya turubai. Wananchi wanasema huduma zimekuwa za haraka, hasa mawingu yakianza kutanda.